Mwaka Ambao Kamanda Hakuufikisha

Karani alikwenda nyumbani kwa marehemu kaka yake kuchukua waya. Hakuwa na safari nyingine pale. Panya walikuwa wametafuna waya wa antena kwao, mashindano yalikuwa kesho yake, maduka yalikuwa yanafungwa, na alijua kwamba kaka yake, mtu asiyewahi kutupa hata kifuniko cha kalamu, aliacha mzingo mzima wa waya mnene chini ya meza ya redio. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mapaa. Akapiga hesabu: dakika tano kuingia na kutoka, dakika kumi akichelewa sana.

Ufunguo uligoma mara mbili, kisha ukakubali.

Nyumba haikuwa na umeme tangu wiki ya mazishi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuomba ukatwe. Redio nayo haikuwapo, kwa sababu waliihamishia kwao na sasa ilikaa mbele ya mumewe. Chumbani kulibaki meza, kiti, makopo ya skrubu na vumbi la mwaka mzima. Akawasha tochi ya simu, akapiga magoti, akauvuta ule waya kutoka mvunguni.

Ndipo alipoisikia harufu.

Risasi ya kuchomelea. Moshi ule mkali wenye utamu kwa mbali, unaotoka fundi anapounganisha nyaya kwa chuma cha moto. Harufu mbichi kabisa... ya mtu aliyeinuka sasa hivi kwenda kunywa maji.

Alisimama polepole. Mwanga wa simu ukapita juu ya meza. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, isipokuwa sehemu moja. Daftari la kaka yake lilikuwa wazi, na ukurasa wake ulikuwa safi.

Sasa kwa asiyeujua mchezo huu, hebu tusimame kidogo, la sivyo hataelewa kwa nini mwanamke mzima alitoka mbio kwa ajili ya mistari miwili ya wino.

Kuna watu duniani ambao starehe yao ni redio ya kuzungumzia. Mara moja kwa mwaka hukaa saa ishirini na nne wakitafutana hewani, na ushindi ni wa yule aliyewapata wengi bila kukosea. Ukimpata mtu mnapeana vitu viwili: namba ya jinsi unavyomsikia, na umri wako. Ile namba ya kwanza ni adabu tu, kila mtu hupewa "tano tisa" hata kama sauti yake inasikika kama mbu ndani ya kopo. Umri ndio wenye kazi. Lazima uusikie, uuandike, na mwenzako auandike wa kwako. Baadaye mkaguzi hulinganisha orodha za pande zote. Mkipishana hata tarakimu moja, mmepoteza. Wanawake peke yao wana ruhusa ya kuficha umri. Wao husema "sifuri sifuri", na wanaume wameutania utaratibu huo mpaka utani umechakaa.

Karani ndiye aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta, mumewe akizungumza. Jina lake lilitokana na kazi yake: alikuwa mpokeaji wa sampuli maabara ya hospitali, mtu wa kubandika namba kwenye vichupa vya damu, na alijua kwamba ukikosea tarakimu moja, mtu mzima wa afya anaambiwa anakufa. Kwa hiyo aliandika alichosikia, si alichotarajia. Kaka yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Huyo walimwita Kamanda, ingawa hakuwahi kushika bunduki. Maisha yake yote alipanga barua posta, na aliongea kama anayetoa amri. Kabla ya kusema lolote hewani aligonga kinasa sauti kwa ukucha mara mbili, tok, tok, akakohoa kidogo, ndipo aanze.

Na kila mwaka, ndugu hawa wawili walikuwa na miadi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, masafa yaleyale.

Mwaka jana saa hiyo ilifika na Kamanda hakusikika. Kulikuwa na mngurumo tu wa hewa. Mumewe alikuwa ametoka kutia mafuta kwenye jenereta. Karani alikaza masikio, akasubiri, akajiambia kwamba kaka yupo chini ya kelele zile, anaita, na kwamba ameshawaandika wao kwenye daftari lake. Akaandika jina la kituo chake. Akaandika tano tisa. Kwenye umri akaandika sitini na moja, kwa sababu siku hiyohiyo asubuhi alikuwa amenunua shati la kumpongeza kaka kwa kutimiza miaka sitini na moja, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani. Ilikuwa bado wiki tatu.

Dakika kumi baadaye simu iliita. Jirani, muuguzi mstaafu, alikuwa amemkuta Kamanda kitini. Daktari aliandika kwamba amekata roho saa kumi na mbili na dakika kumi. Alikuwa na miaka sitini.

Katika purukushani za msiba hakuna aliyekumbuka kufuta mstari ule. Orodha ilitumwa, matokeo yakaja, wakashinda kwa pointi tatu. Kikombe kiliwekwa juu ya friji. Karani hakumwambia mtu. Kila akifungua friji alitazama chini.

Sasa alisimama mbele ya daftari na kusoma mwandiko wa kaka yake, ule wa kulalia kushoto.

*Saa 12:40 jioni. Karani na Fundi. Nimetoa 61. Nimepokea 52.*

Hamsini na mbili ndiyo miaka ya mumewe, mwaka jana.

Chini yake kulikuwa na mstari wa pili. Wino wake ulimeta kwenye mwanga wa simu. Ulikuwa haujakauka.

*Saa 12:40 jioni. Karani na Fundi. Nimetoa 62. Nimepokea...*

Hapo palikuwa wazi.

Hakukumbuka kufunga mlango. Alijikuta barabarani, waya begani, pumzi zikimtoka kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

Nyumbani mumewe alikuwa ameinamia spika ya redio. Huyu ndiye Fundi, mtengenezaji wa mafriji, mwanamume ambaye zamani akiwa karakana alisikika hadi kituo cha mafuta. Zamani ni mwaka jana tu. Tangu msiba sauti yake ilikuwa ikipungua mwezi hadi mwezi, kama maji ya tangi linalovuja. Madaktari walimpitishia kikamera kooni na kumwambia ana koo la kijana. Sasa alinong'ona tu, na wateja walimsogezea sikio.

"Umechelewa," alinong'ona. "Nikadhani umeolewa huko."

"Mwaka huu tusicheze, Fundi."

"Kisa?"

"Sauti yako."

"Redio ina kitufe cha kuongeza sauti. Ndiyo mahali pekee ambapo bado nasikika kama mwanamume." Akacheka bila mlio. "Na nikishindwa kabisa, utashika wewe kinasa. Mke wangu mwenye miaka sifuri sifuri. Watu wanadhani nimeoa kichanga."

Karani alitabasamu kwa shida, akaingia chumbani, akafunga mlango na kumpigia Mkaguzi. Huyu alikuwa mzee wa chama chao, hakimu wa zamani, ndiye aliyelinganisha orodha za wote.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba, Karani. Mko tayari kesho?"

"Tuko tayari. Nilitaka kuuliza... mwaka jana, orodha ya Kamanda ilifika?"



"Ilifika," alisema mzee. "Siku tatu baada ya kumzika. Safi, haina kosa hata moja. Nikajua umeituma wewe."

"Sikuituma."

"Basi usinieleze zaidi, mama, mimi nina presha. Nakagua orodha, sikagui makaburi. Kilichoandikwa pande zote mbili kimehesabika. Aliyetoa ametoa, aliyepokea amepokea."

"Na huwa wanapokea nini, Mkaguzi?"

"Umri, Karani. Si ndivyo mchezo ulivyo? Lala sasa."

Hakulala. Aliisikiliza pumzi ya mumewe usiku kucha, akapanga mambo hayo mawili pamoja kama anavyopanga vichupa. Alimwandikia kaka yake mwaka ambao hakuufikisha. Kaka akaupata. Na mwaka hautoki hewani tu. Umetoka kwa mtu aliyekuwa upande wa pili wa mstari. Sasa umekwisha, na Kamanda amerudi kutaka mwingine. Fundi alikuwa amebakiwa na mnong'ono. Akitoa tena, atabakiwa na nini?

Mashindano yalianza Jumamosi saa tatu asubuhi. Kufikia mchana walikuwa na watu mia moja na themanini kwenye orodha, na Fundi alikuwa na furaha ambayo Karani hakuiona kwa miezi. Ilimuuma kuivunja. Lakini wakati wa chai alimweleza yote: mstari wa uongo, daftari, wino mbichi, maneno ya Mkaguzi. Alieleza akiwa ametazama kikombe chake. Alitegemea acheke, au akasirike kuhusu kile kikombe cha juu ya friji.

Fundi aliisogeza chai yake pembeni.

"Kwa hiyo sauti yangu anayo shemeji?"

"Sijui. Nadhani."

"Angeniomba tu," alinong'ona. "Yule mtu alinipa dada yake bila maneno mengi. Angeniomba, ningempa."

"Usiseme hivyo!" Karani alimkamata mkono. "Usiseme hata kwa utani. Akiita leo, nitashika mimi. Wewe hutataja namba yoyote. Niahidi."

Akaahidi. Ilikuwa ahadi ya mume anayetaka kurudi kwenye mchezo, lakini aliitoa.

Saa kumi na mbili na nusu, dirisha lilianza kuwa jeusi. Karani alikaa kwenye kiti cha mumewe, akavaa spika za masikio, akashika kinasa. Fundi alikaa pembeni yake na kuchomeka jozi ya pili ya spika za masikio. Karani aliita vituo viwili, vitatu, akatoa sifuri sifuri zake, akaandika. Mkono wake ulikuwa imara. Miaka yote ile ya vichupa ilikuwa imemfundisha mkono kutotetemeka hata kama roho iko juu.

Kumi na mbili na thelathini na nane.

Thelathini na tisa.

Watu wote hewani wakanyamaza. Haijawahi kutokea, katikati ya mashindano, bendi nzima, fungu zima la masafa, ikanyamaza namna ile. Kukabaki mngurumo. Na chumbani, kutoka popote pale, ikaingia harufu ya risasi ya kuchomelea.

Tok.

Tok.

Mtu akakohoa kidogo.

"Mdogo wangu."

Karani akageuka kumtazama mumewe. Maana sauti ile haikuwa ya Kamanda. Ilikuwa nene, ya kujaa, sauti ya mtu anayeita vijana wake kutoka nyuma ya karakana. Ilikuwa sauti ya Fundi. Na Fundi alikuwa amekaa pale pembeni yake, mdomo umefungwa, macho yamemtoka, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye redio.

"Mdogo wangu, upo? Tano tisa. Sitini na mbili. Rudia, sitini na mbili. Nipe na wewe."

Vidole vyake vilikuwa juu ya vibonye. Angeweza kuzima redio. Angeweza kujifanya hakusikia. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa kuandika asichosikia, na ndio uliowafikisha hapa. Kutoandika alichosikia ungekuwa wa pili, na nani ajuaye huo nao ungewapeleka wapi. Akaandika. Jina la kituo. Tano tisa. Sitini na mbili.

"Nimekusikia, kaka," alisema. "Tano tisa. Sifuri sifuri."

Mngurumo.

"Rudia."

"Sifuri sifuri. Mimi ndiye ninayeendesha kituo. Sheria inaniruhusu. Sina mwaka wa kukupa, kaka."

"Mpe kinasa shemeji."

"Hapana."

"Karani." Hakuwahi kumwita Karani maishani mwake. "Hapa pana giza. Kuna giza na hakuna mtu kwenye masafa. Nimeita mwaka mzima... hakuna anayejibu. Wewe ndiye uliyeniandika. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, mdogo wangu. Nilikuwa nimefika mlangoni. Wewe ndiye uliyenirudisha."

Hapo machozi yakamtoka, maana ilikuwa kweli. Alimpenda kaka yake. Huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, alimsomesha kwa mshahara wa kupanga barua, alimshika mkono siku ya kwanza alipobonyeza kinasa akaogopa sauti yake mwenyewe. Kumwacha gizani kulimkata maini.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nilikosea kuandika. Nenda sasa. Sifuri sifuri. Nafunga."

Kisha, taratibu, kama mtu anayekubali kwa shingo upande:

"Sifuri... sifuri. Nimepokea."

Tok.

Haikugongwa ya pili. Bendi ikafumuka tena, watu mia wakiita kwa pamoja, kana kwamba hawakuwahi kunyamaza.

Karani alivua spika, akatoka uani, akashika ukingo wa sinki la kufulia na kulia kwa sauti. Alilia kama ambavyo hakulia msibani. Alinawa uso, akalia tena, akanawa tena. Aliporudi alimkuta Fundi amerudi kwenye kiti chake, spika masikioni.

"Nimehamia bendi ya chini," alinong'ona. "Juu pameanza kufa."

"Umempata nani?"

"Watu, watu." Alimpapasa shavu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimekusikia ulivyokuwa unalia, mke wangu. Hadi hapa ndani."

Karani akakaa, akaendelea kuandika. Majina mapya yalisukuma yale ya zamani juu, yakatoka kwenye kioo cha kompyuta. Asubuhi mchezo ulipokwisha alikuwa hajiwezi. Alijitupa kitandani na viatu. Miaka kumi na minne hakuwahi kutuma orodha bila kuipitia mstari kwa mstari. Safari hii Fundi ndiye aliyeituma.

Alipoamka, mumewe alikuwa akimwita kutoka jikoni. Akimwita kwa sauti! Nene, ya kujaa, hadi vikombe vikalia kabatini. Karani alikimbia miguu mitupu na kumrukia shingoni. Walicheka, wakalia, wakawapigia simu ndugu wote ili wasikie. Daktari alisema mambo ya koo hayatabiriki. Karani alisema moyoni kwamba yeye anajua: kaka amerudisha.

Wiki tatu zikapita vizuri. Karibu vizuri. Fundi aliacha sukari kwenye chai, na alipoulizwa alisema hajawahi kuipenda. Karatasi za wateja, ambazo zamani alizijaza kwenye boksi la viatu, alianza kuzipanga kwa mitaa, pembe kwa pembe. Jioni alikaa kwenye meza ya redio bila kuiwasha, akichomelea kitu kidogo ambacho hakikuisha. Usiku mmoja Karani alishtuka na kumkuta amekaa kitandani gizani, anamtazama, kwa upole mwingi. Akasema hana usingizi. Karani alijiambia mtu akipona hubadilika, akavuta shuka.

Jumapili jioni, ripoti ya Mkaguzi iliingia kwenye simu yake. Fundi alikuwa chumba cha pili, akipanga makopo ya skrubu. Karani alikaa mezani kwenye redio na kuisoma. Hakukuwa na kosa hata moja. Watu mia nne na sita, wote wamekubalika. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, Mkaguzi alikuwa ameongeza: *Orodha ya Kamanda imefika tena. Nimekuandikia mistari yake, uitazame mwenyewe. Mimi nastaafu kazi hii.*

*Saa 12:40. Bendi ya juu. Ametoa 62. Amepokea 00. Imekubalika.*

Karani alishusha pumzi.

*Saa 12:52. Bendi ya chini. Ametoa 62. Amepokea 53. Imekubalika.*

Alisoma tena. Akasoma mara ya tatu.

Kila mtu mchezoni anajua sheria hii, hata mtoto anaijua: kituo kilekile unaweza kukipata mara moja kwa kila bendi. Yeye alifunga bendi ya juu. Alikuwa sinkini, ananawa uso. Hamsini na tatu ni miaka ya Fundi.

Vidole vyake, vile visivyotetemeka, vilikosa vibonye mara mbili kabla ya kufungua orodha yao kwenye kompyuta. Akapandisha hadi kumi na mbili na hamsini na mbili. Mstari ulikuwepo. Upande wa kulia kuna nafasi ya maelezo, ambayo Karani huwa haitumii, na hapo Fundi alikuwa ameandika neno moja.

*Ameniomba.*

Chumba cha pili, makopo yaliacha kugongana.

"Fundi?" aliita. Sauti yake mwenyewe ilimtoka nyembamba.

Ikajibu ile sauti nene, nzuri, aliyowapigia simu ndugu wote waisikie.

"Niambie, mdogo wangu."

Mumewe alimwita Karani. Alimwita mke wangu, alimwita kichanga, akikasirika alimwita mama wee. Mdogo wangu hakuwahi kumwita hata siku moja.

Karani alivaa spika za masikio. Mkono wake uliwasha redio ya kaka yake na kuzungusha kitufe hadi bendi ya chini, pale palipoandikwa kwenye mstari. Mngurumo tu. Saa ya kwenye redio ilisoma kumi na mbili na dakika hamsini. Alifumba macho na kukaza masikio, kama mwaka ule, akisikiliza chini ya kelele. Hamsini na moja. Hamsini na mbili.

Mbali sana. Nyembamba, kama mbu ndani ya kopo. Mnong'ono.

"Karani... Karani, upo?... Tano tisa... hamsini na nne... Nipe na wewe..."

Hamsini na nne ni miaka ambayo Fundi angetimiza mwakani.

Vidole vyake vilikuwa tena juu ya vibonye, na safari hii hakuwa na shaka yoyote kwamba amesikia. Alichokosa ni namba ya kumpa. Sifuri sifuri alishaitumia, na aliona kazi iliyofanya.

Nyuma yake, kwenye fremu ya mlango, ukucha uligonga mara mbili, na mtu akakohoa kidogo.